Ruhusa ya masomo kwa mtumishi wa umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watumishi wenzangu wa Dodoma kwenye foleni ya benki, ndani ya daladala ya Mtumba, na mara moja msibani, jeneza likiwa bado sebuleni. Mimi si wakili. Ni mtumishi wa halmashauri mojawapo ya mkoa huu. Niliomba ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili mwezi Septemba, nikaipata Oktoba ya mwaka uliofuata. Katikati ya miezi hiyo nilijifunza sheria ambayo sikuiomba kuisoma. Kama shauri lako limeshafika mahakamani, funga ukurasa huu ukamtafute wakili.

Je, ruhusa ya masomo ni haki yangu?

Kwa namna ambavyo likizo ya mwaka ni haki yako, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezitaja likizo kwa majina na kwa hesabu: ya mwaka siku 28, ya uzazi siku 84 (au 100 ukijaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo), ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wake. Pitia orodha hiyo mara tatu, likizo ya masomo huikuti. Kwa mtumishi wa umma, mafunzo yanaishi kwenye kanuni, miongozo na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Huko mwajiri ndiye anayepanga nani aende, lini, na kusomea nini.

Wapo wanaokimbilia Katiba. Nami nilikimbilia. Ibara ya 11(2) inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kila raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayopenda hadi kufikia upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Nilipoisoma usiku ule nilijiona nimeshamaliza kesi. Asubuhi yake jirani yangu aliyesomea sheria akanifungulia ibara ya 7(2), ambayo inasema masharti ya Sehemu ile ya Katiba hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Yaani ibara tamu kuliko zote kwa mtu anayetaka kusoma imewekwa kwenye chumba ambacho hakimu haruhusiwi kuingia.

Sasa una nini mkononi? Una ibara ya 13(6)(a), iliyo kwenye Sehemu ambayo mahakama inaitilia nguvu, inayohusu kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufani pale haki zako zinapoamuliwa. Na unazo kanuni zinazombana mwajiri atumie madaraka yake kwa utaratibu. Kwa lugha ya mtaani: huwezi kumlazimisha akupe, ila unaweza kumlazimisha alipokee ombi, alipime kwa kipimo kilekile alichowapimia wenzako, na akujibu. Mapambano yangu yote yalikuwa juu ya hilo la mwisho.

Nani hasa mwenye kalamu?

Halmashauri ni mkurugenzi, wizarani ni katibu mkuu, sekretarieti ya mkoa ni katibu tawala. Mkuu wako wa idara anapendekeza tu, na afisa utumishi anaandaa dokezo. Usimchukie afisa utumishi kwa uamuzi ambao si wake. Ila usikubali pia akukatalie kwa mdomo jambo ambalo bosi wake hajaliona.

Nimepata barua ya udahili Septemba. Je, nimechelewa?

Pengine ndiyo, na hii ndiyo sababu inayowaangusha wengi kuliko roho mbaya ya bosi yeyote.

Tazama kalenda mbili zinavyopishana. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa mafunzo wa taasisi unaandaliwa pamoja na bajeti, kwa hiyo majina yanakusanywa miezi mingi kabla ya hapo, wakati wewe bado hujui hata chuo gani kimefungua dirisha la maombi. Vyuo vinatoa majibu ya udahili Agosti na Septemba, masomo yanaanza Oktoba au Novemba. Unapofika na barua yako ya Chuo Kikuu cha Dodoma, bado ina harufu ya wino, unaambiwa: "Jina lako halimo kwenye mpango." Na kweli halimo.

Dawa yake ni kuomba kuingizwa kwenye mpango kabla hujaomba chuo. Idara inapoulizwa mahitaji ya mafunzo, andika barua fupi: kada yako, kozi unayokusudia, inavyohusiana na kazi unayofanya, muda wake na mwaka unaotaka kuanza. Hata kama huna udahili. Ukishaingia kwenye mpango, barua ya chuo ikifika inakuwa nyongeza ya jambo lililokwishakubaliwa. Mimi sikulijua hilo. Udahili wangu wa kwanza ulikufa hivyo, nikaomba upya mwaka uliofuata.

Barua yenyewe niipitishe wapi?

Iandike kwa mwenye kalamu, ipitie kwa mkuu wa idara, naye aipitishe kwa maoni yake. Ambatanisha barua ya udahili, ratiba ya masomo, barua ya kuthibitishwa kazini, na maelezo ya nani atalipa ada. Hilo la ada lina uzito: ukijilipia au ukiwa na mfadhili, sababu ya "hakuna fungu" inaishiwa nguvu mapema.

Kisha ipeleke masjala mwenyewe ukiwa na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiiache mezani kwa mtu. Usiitume kwa WhatsApp ukadhani umeomba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba barua bila muhuri haijawahi kuandikwa. Nakala yangu ya kwanza haikuwa na muhuri. Mwezi Januari niliambiwa jalada langu halina ombi lolote.

Mfumo wa ESS, ule wa mtandaoni ambao mtumishi anajihudumia mwenyewe, umerahisisha mengi, likizo ya mwaka na uhamisho vikiwemo. Hata hivyo, kwa jambo linaloweza kukupeleka mbele ya chombo cha rufaa, karatasi yenye muhuri bado ndiyo shahidi wangu wa kwanza.

Wamekaa kimya. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, kwa sababu kukataliwa kwa maandishi ni nadra. Kinachotokea ni danadana. "Faili liko kwa bosi." "Bosi yuko kikaoni." "Bosi kasafiri." "Njoo Jumatatu." Jumatatu hiyo inakuwa ya wiki yoyote. Wanaokujibu mara nyingi hawana nia mbaya: hakuna anayetaka kuandika "hapana" itakayosomwa na mkaguzi, na hakuna anayetaka kuandika "ndiyo" itakayoacha kitengo kitupu. Kimya kinawafaa wote isipokuwa wewe, ambaye chuo kinakusubiri.

Kisheria kimya ni kibaya kwako kwa sababu muda wa kulalamika unahesabiwa tangu uamuzi, na hapo hakuna uamuzi wa kuhesabia. Kwa hiyo kazi yako ni kukigeuza kimya kiwe jibu. Baada ya wiki tatu hivi, andika barua ya kukumbushia ukitaja tarehe na kumbukumbu ya ile ya kwanza. Baada ya hapo andika ya pili, ambayo ndani yake kuna sentensi moja ya adabu lakini yenye meno: kwamba chuo kinafunga usajili tarehe fulani, na kwamba kama hutapata jibu kufikia siku hiyo utalichukulia ombi kuwa limekataliwa na utalipeleka ngazi inayofuata. Usitukane. Usipeleke nakala kwa Rais, Waziri Mkuu, TAKUKURU na mbunge kwa wakati mmoja. Barua yenye nakala kumi na mbili inasomwa kama ya mtu aliyekata tamaa.

Kila ukijibiwa kwa mdomo, rudi mezani kwako uandike: "Rejea mazungumzo yetu ya leo ofisini kwako, ambapo nilielezwa kuwa..." Peleka masjala, gonga muhuri. Barua hiyo ndogo ndiyo iliyonipa tarehe ya kuanzia. Afisa niliyemwandikia alinikasirikia kwa mwezi mzima, hakunipa hata "mbukwenyi" ya asubuhi. Nilimwelewa. Angekuwa mimi angefanya vilevile.

Ipo njia nyingine inayosahauliwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Omba nakala ya mpango wa mafunzo wa mwaka husika na vigezo vilivyotumika kuchagua waliokwenda. Wakati mwingine ombi hilo peke yake linalifanya faili lako litembee.

Sababu zipi za kukataa zina mashiko?

Hujathibitishwa kazini (kipindi cha majaribio ni miezi 12). Umetoka masomoni majuzi tu. Kozi haihusiani na kada yako: mhasibu anayetaka kusomea uandishi wa habari atapata taabu kueleza. Jina halimo kwenye mpango. Na upungufu wa watumishi, ambao ni wa kweli kuliko tunavyopenda kukiri. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kumruhusu huyo mmoja bila kuifunga.

Lakini sababu halali inaweza kutumiwa kwa upendeleo. Ukiambiwa kuna upungufu, na wiki hiyohiyo mwenzako wa kada ileile, kituo kilekile, aliyeajiriwa nyuma yako, ameruhusiwa, hapo unalo la kusema. Weka ulinganisho huo kwenye malalamiko kwa utulivu, kwa vyeo na tarehe, bila kumchafua mwenzako. Hakukunyima yeye.

Je, niende tu chuo, mambo yatajipa mbele?

Usithubutu. Kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi. Nimeona mtu mwenye madai mazuri kabisa akiyapoteza kwa wiki mbili za kuhudhuria darasa: swali likahama kutoka "kwa nini ulimnyima?" likawa "kwa nini ulitoroka?" Na mshahara ukiendelea kuingia wakati haupo, utadaiwa kuurudisha.

Vipi kuhusu masomo ya jioni au ya masafa?

Kwa mtu wa Dodoma mjini hili ni jibu la kweli, si la kujifariji. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa, na vyuo vingine vya mji huu vina programu za nje ya saa za kazi. Hata hivyo mjulishe mwajiri kwa maandishi na uombe kibali, kwa sababu utakapoleta cheti kiingizwe kwenye taarifa zako, au utakapoomba kubadilishiwa kada, swali la kwanza litakuwa uliruhusiwa na nani. Siku za mitihani zikiangukia siku za kazi, omba likizo yako ya mwaka mapema. Kwa aliyeko Mpwapwa au Chemba vijijini, ushauri huu ni rahisi kuutoa kuliko kuutekeleza. Nauli na saa za barabarani zinakula kila kitu.

Wakinipa likizo bila malipo nikubali?

Kaa kwanza na hati yako ya mshahara. Wengi wetu tuna mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu hadi kinachobaki ni theluthi moja. Mshahara ukisimama makato yanasimama, ila deni halisimami. Zungumza na benki kabla ya kusaini.

Niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi?

Hapana, na hapa watu wamepoteza miaka. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu, kilichoingizwa kwa namba 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza nafuu zote zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa zile za sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilikitilia mkazo katika rufani iliyohusu Shirika la Posta. Mtu alikuwa ameanzia kwenye usuluhishi, na mwenendo wote ukaonekana umefanyika mahali pasipo na mamlaka.

Angalizo dogo: Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu katika sheria mbalimbali. Ukinakili namba kutoka kwenye barua ya mwenzako ya zamani, hakikisha kwanza.

Basi nianzie wapi?

Ndani. Mkuu wa idara, kisha mwenye kalamu. Chama chako cha wafanyakazi kinaweza kuingia hapa: TALGWU kwa walio serikali za mitaa, TUGHE kwa serikali kuu na afya, CWT kwa walimu. Unakatwa ada kila mwezi, usione haya kuitumia.

Ukishindwa hapo, Tume ya Utumishi wa Umma hupokea rufaa na malalamiko ya watumishi. Muda wa rufaa ni siku 45 tangu uamuzi. Kunyimwa ruhusa si adhabu ya nidhamu, kwa hiyo mara nyingi shauri lako litaingia kama malalamiko, lakini mimi nakushauri uzihesabu siku 45 hizohizo kana kwamba zinakuhusu. Andika kurasa mbili au tatu, si kumi. Anza na tarehe, endelea na ulichoomba, ulichojibiwa, kanuni unayoona imekiukwa, na unachotaka kifanyike. Vielelezo vipe namba. Nakala mpelekee mwajiri, ajue, naye ajibu. Walimu wana tume yao, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Kwangu mimi mambo yaligeuka kwenye hatua hii. Ngazi ya juu iliandika kutaka maelezo. Wiki iliyofuata jalada langu, ambalo lilikuwa limepotea tangu Januari, lilionekana kwenye kabati lilelile nililokuwa nikionyeshwa kila Jumatatu.

Uamuzi wa Tume usipokuridhisha, unakata rufaa kwa Rais, ambaye uamuzi wake ndio wa mwisho kiutawala.

Na Mahakama Kuu?

Ipo, na ina masjala hapa Dodoma. Njia inaitwa mapitio ya mahakama. Kwanza unaomba kibali cha kuwasilisha maombi, na lazima ukiombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi unaoulalamikia. Ukikipata, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Nilicheka kidogo niliposoma hilo: unaomba ruhusa ya kuomba kuhusu ruhusa.

Elewa mahakama inafanya nini pale. Haikai kwenye kiti cha mkurugenzi ikakuandikia ruhusa. Inaangalia kama alikuwa na mamlaka, kama alikusikiliza, kama aliamua kwa mambo yanayohusika. Akionekana amekosea, uamuzi unafutwa, na anaweza kuamriwa aamue upya kwa kufuata sheria. Na anaweza kuamua upya akakataa tena, safari hii kwa utaratibu mzuri. Mweleze mwenzi wako hilo kabla hamjauza mbuzi.

Kama unataka amri ya kumlazimisha atende, mahakama zetu zimekuwa zikirejea vigezo vya shauri la Byombalirwa la Bukoba, lililoripotiwa mwaka 1986. Mwombaji awe ameshadai jambo lifanyike na likakataliwa. Wajibu unaodaiwa uwe wa kisheria na wa lazima, si wa hiari. Na kusiwe na njia nyingine ya kupata nafuu. Soma hicho cha pili polepole. Kutoa ruhusa ya masomo ni hiari ya mwajiri, kulijibu ombi ni kitu kingine. Ndiyo maana wakili mzuri atakuomba zile barua za kukumbushia kabla hajakuuliza chochote kuhusu kozi yako.

Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya Serikali, kwa mfano ya fidia, ina utaratibu wake na hutanguliwa na notisi ya siku 90. Sijawahi kuona kesi ya namna hiyo ikimfikisha mtu darasani.

Sina hela ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada kwa wasio na uwezo. Kwa malalamiko ya ngazi ya Tume huhitaji wakili kabisa. Nidhamu ya kutunza karatasi inatosha.

Sitaonekana mkorofi? Hawatanihamisha?

Huenda ukaonekana. Wapo waliopewa uhamisho wa "manufaa ya umma" katikati ya malalamiko, na kuthibitisha kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana ni kazi ngumu. Kinachosaidia ni kuwa mtu wa kazi katika kipindi hicho kuliko wakati mwingine wowote: wahi, jaza utendaji wako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati, usijadili kesi yako kantini. Nilikula chakula cha mchana mezani kwangu miezi mitano.

Nimepata! Nasaini nini?

Mkataba wa mafunzo unaokufunga kurudi na kutumikia kwa muda fulani, au kulipa ukiondoka. Usome wote. Angalia kama barua ya ruhusa imetaja tarehe ya kuanza na kumaliza, kama mshahara utaendelea, na kama utatakiwa kuleta taarifa ya maendeleo kila muhula. Utafiti ukichelewa, kama unavyochelewa kwa karibu kila mtu, omba nyongeza ya muda kabla ruhusa haijaisha. Siku ya kwanza baada ya tarehe ya mwisho bila barua mkononi, wewe ni mtoro kama mtoro mwingine yeyote.

Na wewe ilikuwaje mwishoni?

Barua ilitoka Ijumaa saa tisa alasiri, usajili ukifungwa Jumatatu. Mhudumu wa masjala, mama ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ananigongea mihuri bila kusema neno, alinikabidhi bahasha akaniambia: "Haya mwanangu, gonga na hii nakala yako." Nikaigonga.